Je, ni kweli kwamba vita vikiisha uchumi hupaa?

"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi na mume wangu tuna duka la vifaa vya ujenzi hapa Kigoma, na wateja wetu wengi ni wa ng'ambo ya ziwa: Uvira, Baraka, Kalemie. Biashara hupanda na kushuka kwa kadiri ya hali ya usalama upande ule. Sasa shemeji yangu, kaka yake mume wangu, ameshikilia neno moja: kwamba vita vikubwa vikiisha uchumi wa nchi hupaa, kwamba Ujerumani na Japani zilikuwa majivu lakini baada ya miaka kumi zikatajirika, na kwamba siku amani ya kweli itakapofika Kongo fedha za wafadhili zitamiminika. Anataka tuuze nyumba tunayoishi, ambayo ilituchukua miaka kumi na mmoja kuijenga, tununue mabati, saruji na nondo, tujaze ghala tungoje. Mume wangu anaelekea kukubali. Mimi moyo unasita, lakini sina hoja, maana Ujerumani kweli iliinuka. Je, ni sheria ya uchumi kwamba baada ya vita nchi hukua? Na kama ndivyo, mbona sisi baada ya vita vya Kagera tulipanga foleni za sukari na sabuni?"

Dada yangu, umeuliza mambo mawili kwa pamoja, na nadhani ndiyo maana swali limekukosesha usingizi. Lipo la historia, yaani kama Ujerumani na Japani zinathibitisha kwamba nchi hukua kwa sababu ya vita vilivyopita. Na lipo la nyumba yako, yaani kama historia hiyo inatosha kumfanya mtu auze paa lililo juu ya watoto wake. Nitaanza na la kwanza, na nitalieleza kwa kirefu, kwa sababu shemeji yako hajasema uongo. Amesema nusu ya jambo, na nusu aliyoiacha ndiyo yenye hatari kwenu.

Hakuna sheria ya uchumi inayosema kwamba vita vikiisha nchi hukua. Vita haviongezi kitu. Mali iliyoungua imeungua, fundi aliyeuawa amekwenda na ufundi wake, na mtoto aliyekosa shule miaka mitano atabeba pengo hilo hadi uzeeni. Tunachokiona baada ya vita ni mambo mawili yanayofanana kwa sura lakini yenye tabia tofauti: kurejea na kukua. Kurejea ni watu kuanza tena kufanya kile walichokuwa wakikijua na kukifanya kabla ya vita. Mkulima anarudi shambani, reli inatengenezwa, kiwanda kilichofungwa kinawashwa. Kukua ni nchi kufanya kile ambacho haikuwa ikikifanya hapo awali, au kukifanya kwa namna yenye tija zaidi. Kurejea kunaweza kwenda mbio sana, na mbio hizo ndizo zinazowavutia watu kama shemeji yako. Kukua huchukua miaka mingi, na nchi nyingi zilizotoka vitani hazikufika huko.

Chukua duka lako mwenyewe. Tuseme ulikuwa ukiuza mabati 1,000 kwa mwezi, machafuko yakaja ukabaki kuuza 200. Hali ikatulia kidogo, ukauza 300. Kwa hesabu, mauzo yako yamekua kwa asilimia 50, na ukimwambia mtu asiyejua ulikotoka atadhani umepata neema ya ajabu, ilhali bado hujafika hata theluthi ya ulipokuwa. Takwimu za nchi zilizotoka vitani husomwa vibaya kwa namna hiyo hiyo. Mtu husikia kwamba uchumi umekua kwa asilimia 10 bila kuuliza ulianguka mpaka wapi kwanza.

Sasa tuitazame Ujerumani Magharibi. Picha za mwaka 1945 zinaonyesha miji iliyobaki kuta tupu, na kwa nyumba za watu picha hizo ni za kweli kabisa. Lakini mabomu yalibomoa nyumba kuliko mashine. Waliokuja kuhesabu baadaye walikuta kwamba viwanda vya upande wa magharibi, baada ya kuondoa vilivyoharibiwa, bado vilikuwa na mitambo mingi kuliko ile ya mwaka 1936, kwa sababu kabla na wakati wa vita serikali ilikuwa imewekeza mno katika viwanda. Zaidi ya mitambo, walikuwapo watu: mafundi waliopitia mafunzo ya miaka, wahandisi, wahasibu, na makarani waliojua kuendesha benki ya akiba ya mji mdogo.

Wewe wa Kigoma huna haja ya kwenda Berlin kuliona hili. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa katika makasha yapatayo 5,000 na kuunganishwa hapo hapo Kigoma. Mwaka 1916, katika Vita Vikuu vya Kwanza, Wajerumani walipoona wanazidiwa waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Mto Malagarasi, lakini mafundi waliopewa kazi hiyo waliipaka mitambo grisi nene kabla haijashuka majini. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena safari za ziwani. Mtu aliyesimama ufukweni mwaka 1917 angesema meli imekwisha, na asingekuwa na kosa kwa alichokiona. Ujerumani Magharibi ya 1945 ilikuwa imezama kwa namna hiyo, na grisi yake ilikuwa ujuzi wa watu wake. Kwa hiyo ukitaka kuilinganisha nchi nyingine na Ujerumani, anza kwa kuuliza kilichozama kilikuwa nini, na je, mitambo ilipakwa grisi?

Hata hivyo ujuzi na mitambo havikutosha. Kwa miaka mitatu baada ya vita watu wa nchi hiyo walikaa na njaa. Madaraja ya mto Rhine yalikuwa yamelala majini, mabehewa yalikuwa machache, na katika majira ya baridi kali ya 1946 hadi 1947 mifereji iliganda, makaa ya mawe yakashindwa kutoka Ruhr, eneo la migodi, kwenda mijini. Mgawo wa chakula ulishuka hadi karibu kalori 1,000 kwa siku katika baadhi ya miji. Na juu ya yote hayo, fedha ilikuwa imekufa. Serikali ya Hitler ilikuwa imegharimia vita kwa kuchapisha noti, huku bei zikizuiwa kwa amri. Vita vilipokwisha noti zikabaki nyingi na bidhaa chache, na bei bado zimezuiwa. Matokeo yake hakuna mwenye kiwanda aliyetaka kuuza sufuria zake kwa Reichsmark, sarafu ya wakati huo. Alizificha ghalani, au alizibadilisha kwa viazi na makaa. Sigara za Kimarekani ziligeuka kuwa sarafu. Watu wa mjini walipanda treni siku za mapumziko wakiwa na mashuka na saa za ukutani, wakaenda vijijini kuomba wakulima wawape mayai.

Msomaji wa Tanzania mwenye umri wa kutosha anaifahamu hali hiyo bila kuelezwa zaidi. Ndiyo ile ya bidhaa kuwa chini ya kaunta, bei ya serikali ikiwa imebandikwa ukutani na rafu zikiwa tupu.

Tarehe 20 Juni 1948 mamlaka za Marekani, Uingereza na Ufaransa, zilizokuwa zikiutawala upande wa magharibi kila moja eneo lake, zilileta sarafu mpya, Deutsche Mark. Kila mtu alipewa mark 40 siku ile na 20 nyingine baadaye. Mishahara na kodi za nyumba ziliendelea kwa kiasi kile kile katika sarafu mpya, lakini akiba iliyokuwa benki ilikatwa vibaya mno, kiasi kwamba aliyekuwa na Reichsmark 100 aliishia na mark 6 na nusu. Wakati huo huo Ludwig Erhard, aliyesimamia uchumi wa maeneo ya Marekani na Uingereza, aliondoa udhibiti wa bei kwa bidhaa nyingi za viwandani, akaacha udhibiti kwenye vyakula vya msingi na kodi za nyumba. Jumatatu iliyofuata, vioo vya maduka vilijaa sufuria, viatu, baiskeli na vitambaa. Bidhaa hizo hazikutengenezwa usiku mmoja. Zilikuwapo tayari, zikimngojea mtu mwenye fedha inayoaminika. Kisha, kwa kuwa sasa kulikuwa na sababu ya kufanya kazi na kulipwa, uzalishaji wa viwanda ulipanda kwa takriban nusu kabla mwaka haujaisha.

Nakaa kwenye jambo hili kwa sababu ndilo kiini cha mambo yote. Uchumi uliovunjwa na vita hauanzi kutembea siku bunduki zinaponyamaza, wala siku mkataba unapotiwa saini. Unaanza kutembea siku mwenye mali anapoona kuwa ni salama kuitoa ghalani, kuibadilisha kwa fedha, na kuamini kuwa fedha hiyo mwezi ujao bado itanunua kitu. Ujerumani Magharibi iliingoja siku hiyo kwa miaka mitatu. Japani nayo ilingoja: ilipitia mfumuko mkali wa bei tangu 1945, na ni mwaka 1949 ndipo bajeti ilipobanwa na thamani ya yen ikafungwa kwa kiwango cha 360 kwa dola moja, halafu mwaka uliofuata vita vya Korea vikaleta oda kubwa za jeshi la Marekani. Kabla ya hapo wakulima wapangaji walikuwa wamegawiwa ardhi waliyokuwa wakiilima kwa mabwana, jambo ambalo kwa maoni yangu lilisaidia Japani kuliko wengi wanavyolipa uzito.

Wala usidhani kwamba siku ya vioo kujaa ilikuwa mwanzo wa raha. Bei zilipanda upesi, mishahara ikabaki nyuma, na tarehe 12 Novemba 1948 wafanyakazi zaidi ya milioni 9 waligoma kwa siku nzima. Mwanzoni mwa 1950 watu wapatao milioni 2 hawakuwa na kazi. Mtu aliyeuza nyumba yake mwaka 1945 akajaza ghala kwa kuamini kwamba utajiri uko mlangoni angekuwa amefilisika au amekula mtaji wake muda mrefu kabla ya utajiri huo kufika.

Sasa nije kwenye fedha za wafadhili, maana nadhani hapo ndipo shemeji yako anapoweka tumaini kubwa. Mpango wa Marshall ulikuwa msaada wa Marekani kwa Ulaya Magharibi kati ya 1948 na 1952, jumla yake ikiwa dola bilioni 13 hivi. Ujerumani Magharibi ilipata takriban bilioni 1.4. Uingereza ilipata zaidi ya mara mbili ya hizo, na katika miaka ya 1950 Uingereza ilikua polepole kuliko Ujerumani. Kama wingi wa msaada ungekuwa ndio siri, mambo yangekuwa kinyume. Sisemi msaada haukufaa. Ulileta ngano, pamba na mafuta wakati nchi haikuwa na dola za kununulia, na utaratibu wake ulikuwa wa busara: mfanyabiashara wa Kijerumani aliyepokea pamba ya Marekani aliilipia kwa mark, mark hizo zikaingia katika mfuko, na mfuko ukakopesha migodi, mitambo ya umeme na ujenzi wa nyumba kupitia benki maalumu iliyoanzishwa mwaka 1948. Mikopo ilirudishwa na kukopeshwa tena. Msaada uliokwenda hivyo ulifanya kazi kwa sababu fedha ilikuwa imeshatengemaa na palikuwa na watu wa kuukopa na kuurudisha.

Kuna mambo matatu mengine ambayo hayatajwi sana barazani, nami nayaona makubwa. La kwanza ni deni. Mwaka 1953, huko London, wadai wa Ujerumani walikubali kupunguza madeni yake ya kabla na baada ya vita kwa karibu nusu, na yaliyobaki yakalipwa kwa miaka mingi kwa masharti nafuu, ili nchi iuze nje kwanza na kulipa kwa inachopata. La pili ni soko: majirani wale wale waliokuwa wamevamiwa walikubali kununua mashine na makaa ya Ujerumani, na kuanzia 1950 nchi za Ulaya Magharibi zilikuwa na utaratibu wa kulipana bila kila nchi kutafuta dola kwa kila bidhaa.

La tatu linahusu watu waliopoteza kila kitu. Wajerumani wapatao milioni 8 waliofukuzwa au kukimbia kutoka mashariki walikuwa wameingia Ujerumani Magharibi kufikia 1950, wengi wakiwa na mabunda mgongoni tu. Sheria ya mwaka 1952 iliwatoza waliobaki na mali, kwa hesabu ya nusu ya thamani ya mali hiyo, walipe kwa awamu kwa miaka 30, na fedha hizo zikaenda kwa waliopoteza. Kwa kuwa malipo yalienezwa kwa miaka mingi, mwenye kiwanda hakulazimika kukiuza, na mkimbizi alipata cha kuanzia badala ya kubaki kambini akiwa na kinyongo. Mimi ni mtu wa takwimu, lakini ninapowafundisha wanafunzi habari hii huwaambia wasiipite haraka. Nchi ambayo nusu ya watu wake wanaona wameachwa na gharama ya vita peke yao haiwezi kutulia ili ikue.

Hapo ndipo kurejea kulipogeuka kuwa kukua. Katika miaka ya 1950 uchumi ulikua kwa wastani wa karibu asilimia 8 kwa mwaka. Mwaka 1950 karibu robo ya wafanyakazi walikuwa mashambani. Miaka kumi baadaye kiwango hicho kilikuwa kimeshuka kuelekea nusu yake, wengine wakiwa wamehamia viwandani na kwenye huduma. Kiwanda cha magari ya Volkswagen cha Wolfsburg, ambacho maofisa wa Uingereza walikifufua baada ya vita, kilitoa gari lake la milioni moja mwaka 1955, na mwaka huo huo serikali ilisaini mkataba wa kuleta wafanyakazi kutoka Italia. Baadaye, kadiri pengo la vita lilivyozibwa, kasi ilipungua, na nchi ikaanza kukua kama nchi nyingine tajiri. Na kumbuka kwamba Ujerumani Mashariki ilikuwa na watu wa namna ile ile waliotoka katika vita vile vile, lakini mitambo yake mingi ilibebwa na Wasovieti kama fidia, na uchumi ukaendeshwa kwa amri. Mamilioni ya watu wake waliondoka kwenda magharibi kabla ya ukuta wa Berlin kujengwa mwaka 1961.

Sasa nakuja nyumbani. Umeuliza kwa nini sisi tulipanga foleni, na ninahisi katika swali hilo kuna aibu kidogo, kana kwamba Wajerumani walikuwa na bidii nasi hatukuwa nayo. Sivyo. Vita vya Kagera viliharibu sana mkoa mmoja. Daraja la Kyaka lilivunjwa, mifugo ikaporwa, watu wakauawa na kukimbia. Lakini sehemu kubwa ya Tanzania haikupigwa, kwa hiyo hapakuwa na anguko kubwa la uzalishaji ambalo lingerejea kwa kasi. Sisi vita tuliviendesha kwa fedha za kigeni: mafuta, magari, risasi na chakula cha askari, kwa gharama inayotajwa kuwa dola milioni 500 hivi. Vilikuja wakati mbaya kupita kiasi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, bei ya kahawa ilikuwa ikishuka kutoka kilele chake, na mwaka 1979 bei ya mafuta duniani ikapanda maradufu. Mwalimu Nyerere alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ilikwisha na dola hazikuwapo, viwanda vikakosa vipuri, na kwa kuwa bei ziliwekwa na serikali chini ya gharama halisi, bidhaa zikahamia kwa walanguzi kama zilivyohamia kwa Wajerumani mwaka 1947. Msako wa wahujumu uchumi wa 1983 haukuleta sabuni. Rafu zilianza kujaa baada ya 1984, wenye fedha zao nje waliporuhusiwa kuingiza bidhaa, na mageuzi yakapanuka baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi. Mageuzi hayo yalikuwa na machungu yake, hasa kwa hospitali na shule, na siyafichi.

Mfano ulio karibu zaidi na hali unayoingoja ni Uganda. Wapiganaji wa Museveni waliingia Kampala Januari 1986 wakikuta nchi iliyokuwa imeporomoka kwa miaka 15. Mei 1987 serikali ilileta noti mpya, shilingi 100 za zamani kwa moja mpya, na ikakata asilimia 30 ya kila kilichobadilishwa. Kwa sura ilifanana na Ujerumani, lakini serikali iliendelea kuchapisha noti kufidia upungufu wa bajeti, na mfumuko wa bei, uliokuwa umepita asilimia 200 mwaka huo, haukutulia mpaka miaka ya mwanzo ya 1990, baada ya wizara za fedha na mipango kuunganishwa mwaka 1992 na serikali kulazimika kutumia kile tu ilichokusanya. Maduka ya kubadilisha fedha yalihalalishwa mwaka 1990, ununuzi wa kahawa ukafunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi, na majengo ya Waasia waliofukuzwa mwaka 1972 yakaanza kurudishwa kwa wenyewe. Umaskini ulishuka kutoka takriban asilimia 56 ya watu mwaka 1992 hadi karibu 35 mwishoni mwa muongo. Mafanikio hayo ni ya kweli. Lakini kaskazini, Gulu na Kitgum, vita viliendelea mpaka 2006, na mwenye duka wa Gulu hakuishi katika uchumi ule uliosifiwa Kampala.

Kongo imekwisha kutuonyesha jambo hilo hilo. Baada ya makubaliano ya amani ya 2002 na serikali ya mpito ya 2003 uchumi wa nchi nzima ulianza kukua tena, na mwaka 2010 ilisamehewa madeni ya dola bilioni 12 hivi. Lakini ukuaji huo ulibebwa zaidi na shaba na kobalti ya kusini, ilhali Kivu, upande wa mashariki, iliendelea kukosa usalama. Kwa hiyo hata kama Kinshasa itatangaza ukuaji mkubwa, wewe swali lako ni moja: je, mama wa Baraka ana fedha ya kununua mabati, na yatafika kwake bila kulipiwa vizuizi vitano njiani? Wachumi waliofuatilia nchi nyingi zilizotoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe waliona kwamba misaada hutumika vizuri zaidi kuanzia mwaka wa nne hadi wa saba wa amani, kwa sababu miaka ya mwanzo nchi haina uwezo wa kuipokea na kuitumia. Fedha za wafadhili za mwanzo huenda kwenye chakula, dawa, mahema na magari, na nyingi hununuliwa kwa zabuni kubwa mbali na maduka ya Kigoma.

Kwa hayo yote, ushauri wangu ni kwamba msiuze nyumba. Mpango wa kujaza ghala na kungoja ni mbaya hata kama shemeji yako ana haki kuhusu amani, kwa sababu unalipia leo kitu ambacho wakati wake haujulikani. Saruji haingoji, wewe unajua kuliko mimi mfuko unavyoganda ukikaa miezi mitatu au minne kwenye unyevu wa ziwa. Mabati na nondo hukaa, lakini mtaji uliolala humo haulipi ada wala haununui unga, na boti au barabara zikifungwa tena mtakuwa na ghala lililojaa na nyumba ya kupanga.

Kukaa bila kufanya lolote nako kuna hasara, na hapo namwelewa shemeji yako. Wafanyabiashara wanaofika mapema ndio wanaoshika wateja. Mimi ningetumia faida ya duka, si nyumba, kuongeza bidhaa ndogo zinazotoka haraka na ambazo mtu anayerudi kwake hununua kwanza: misumari, turubai, bawaba, makomeo, majembe. Mabati ningeyaagiza kwa oda yenye malipo ya awali. Na ningetazama dalili za chini, zile ambazo hazitangazwi redioni. Nauli ya mzigo kutoka Kalemie au Uvira kwenda ndani ikishuka na kubaki chini kwa miezi kadhaa, ujue vizuizi vimepungua. Wanaume wakirudi peke yao kutazama hali, bado. Wakirudi na wake na watoto, mambo yanabadilika. Na ukisikia wakulima wanapanda michikichi upya, zao ambalo huchukua miaka kuzaa, hiyo kwangu ni habari kubwa kuliko hotuba yoyote, maana mtu hapandi mchikichi mahali anapotarajia kupakimbia.

Yapo mambo ambayo siwezi kuyamaliza kwa maandishi, na ninakuomba umwone mtu ana kwa ana. Kwanza, nyumba mnayoishi ni nyumba ya ndoa, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwenzi mmoja kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja tu. Ridhaa yako inahitajika, na una haki ya kuweka zuio ili kulinda maslahi yako. Mwone wakili, au kituo cha msaada wa kisheria kama gharama ni tatizo, kabla ya kutia saini karatasi yoyote. Nenda ukiwa na nakala ya hati na cheti cha ndoa. Pili, kaeni na ofisa mikopo wa benki mnayoitumia mkiwa na daftari la mauzo la miaka mitatu, awaambie bila huruma duka linaweza kubeba mzigo kiasi gani. Tatu, wakala wa forodha anayefanya kazi bandarini awape hesabu kamili ya ushuru na gharama za kuvusha shehena moja, kwa viwango vya sasa.

Mume wako mwambie kwa upole, mkiwa wawili, kwamba hukatai biashara ya Kongo. Unakataa kuiwekea nyumba. Shemeji naye mwombe alete majina ya wateja watatu walio tayari kulipa nusu ya oda mapema. Akiwaleta, agizeni mzigo wa watu hao watatu, muuvushe, mhesabu kilichobaki mkononi, ndipo mzungumzie mzigo wa pili.